Nyuzi Nne kwa Zamu Moja

Jumatatu, 3 Juni
Jana nilipiga simu nyumbani. Binti yangu akasema shikamoo baba, akasema anakula vizuri, kisha akakimbia. Nikasikia gitaa linalia. Nikamuuliza mama yake nani huyo. Kaka wa mke wangu! Alikuja kujenga choo kilichobomolewa na mvua. Choo kimekwisha zamani, yeye hajaisha. Mama mtu anasema mtoto habanduki kwa mjomba wake. Mimi miaka miwili nabandika vigae kwenye mabafu ya watu nisiowajua, shemeji anavuna kwa nyuzi sita. Jumapili binti anatimiza miaka saba. Dawa ya moto ni moto.

Jumanne, 4 Juni
Nimepata silaha! Fundi Rangi, ninayelala naye chumba kimoja hapa kambi ya ujenzi, ana ukulele. Mtoto wa gitaa, nyuzi nne tu. Zinajifunzika upesi kuliko sita, hilo halihitaji shule. Hauuzi. Anachotaka ni zamu yangu ya likizo. Huku tunakwenda nyumbani kwa zamu, mmoja mmoja, na mwezi ujao ni mimi. Yake ni mwakani, hiyo nichukue mimi. Nikafikiri, lakini si sana. Likizo ni wiki mbili, inakwisha. Muziki haukwishi. Tukapeana mikono. Mpishi wa kambi akaniuliza kama nimeanguka kwenye jukwaa la ujenzi nikaangukia kichwa. Wivu huo.

Alhamisi, 6 Juni
Somo la kwanza, stoo ya vigae, baada ya kazi. Kidole kimoja tu, cha pete, juu ya uzi wa chini kabisa. Fundi Rangi anasema hata watoto huanzia hapo. Watoto vidole wanavyo! Vyangu saruji imevila ncha, sihisi uzi uko wapi. Nabonyeza miwili kwa pamoja. Sauti kama ndoo inayoburutwa sakafuni. Akaniambia taratibu, ndugu yangu, hapa hukorogi zege. Mpishi akapita, akasema kwa mlio ule jina lake libadilishwe liwe ukelele.
Lakini mara moja, moja tu, sauti ilitoka safi. Nikamwona binti yangu kabisa, anacheka. Nilipoondoka alikuwa na meno yote ya utotoni. Sasa sijui anachekea yapi.

Ijumaa, 7 Juni
Nyuzi zinalegea! Asubuhi nimezikaza, mchana zimelala. Fundi Rangi anasema ni mpya, nyuzi mpya hunyooka siku kadhaa, kila ukipiga unazikaza tena, unavumilia. Kuvumilia? Sisi watu wa vigae kitu kikicheza hatukivumilii, tunakigandisha. Alipokwenda kuoga nikakaza zote, nikapaka gundi ya vigae kwenye vishikio vyote vinne vya kukazia. Gundi ile ile inayoshikilia kuta za ghorofani. Akili ni mali.

Jumamosi, 8 Juni
Vishikio vimekuwa jiwe. Nyuzi zimeendelea kulegea.
Sasa hazikaziki tena mpaka mwisho wa dunia. Fundi Rangi aliutazama ukulele wake kama mtu anayetazama maiti ya jamaa. Nikangoja matusi. Badala yake akasema kwa upole tuvunje mapatano, yeye achukue kigogo chake, mimi nichukue zamu yangu, niende nikamwone mtoto.  Nikamwambia ahsante, lakini mwanamume hali matapishi yake. Isitoshe, kesho ndiyo kesho.

Jumapili, 9 Juni
Niliupiga. Simu nimeiegemeza kwenye ndoo, mimi nimekaa juu ya mfuko wa gundi. Nikaimba na kuimba. Nilipomaliza nikangoja makofi. Hata gitaa la kule halikulia. Shemeji akasema umejitahidi, shemeji yangu. Shetani mwenye adabu!
Binti akasema ahsante baba. Kisha akaniuliza nafika lini, maana mama alisema mwezi ujao. Akasema alama yake ya kimo kwenye fremu ya mlango, ile niliyomchorea mwenyewe kwa futi yangu siku naondoka, bado ni ile ile. Mjomba alitaka kumpima upya, akamkatalia. Amemwambia anayepima ni baba. Kila siku, akirudi shule, anasimama pale kwanza kulinda nafasi.
 Nikamwambia sikiliza, mama, nakupigia tena. Nikaurudia wimbo wote. Katikati simu ilikatika. Huenda ni mtandao.

Jumatatu, 10 Juni
Siku nzima nimebandika vigae, naona fremu ya mlango tu. Vitatu nimeviweka upande. Msimamizi amevibandua bila kunitazama.
Fundi Rangi ameshaanza kufunga mizigo ya mwezi ujao. Nimempa futi yangu ampelekee binti, mji wetu uko njiani kwake. Aliishika muda mrefu, akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia mtoto asisumbuke kungoja, mjomba wake atampima.
Lakini kosa nimeligundua! Ni nyuzi. Chombo cha nyuzi hakimfai mtu wa saruji. Mpishi ana kinanda cha mdomo. Hakina uzi hata mmoja, hakitaki vidole, unapuliza tu. Naye hakiuzi. Anachotaka ni zamu yangu ya mwakani.
Nimemwambia anipe nafasi nifikiri. Nimeshafikiri.