Ndege wa Manjano na Ulezi wa Arusi

Jumatatu, 1 Julai 1974. Lobule

Mama Kaltumu ametamka. Atakayeleta ulezi wa kulisha arusi ndiye atakayemwoa bintiye Hadijah. Tuko wawili: mimi Yakubu, na Lado wa shamba la jirani. Lado! Mtu anayesalimia mbuzi! Ulezi wangu umenona kuliko wake. Adui ni ndege wa manjano waliojaa kwenye mgunga wangu. Wanakula, wanaimba, wanakula tena. Lakini akili ninazo.

Jumatano, 3 Julai

Alfajiri nimeutikisa mti, ndege wamelala, gunia nimelitandaza chini. Nimetikisa mpaka kofia ikanitoka. Hakuanguka hata mmoja! Nikapaka ulimbo tawini, nikampata dume. Vidole vitatu mbele, kimoja nyuma. Ukimkunja mguu, vidole vinajifunga vyenyewe. Ukiunyoosha, vinafunguka. Kumbe akichutama kulala, ameshajifunga tawini! Subhanallah. Mimi naanguka kutoka kitandani, na kitanda ni kipana. Nikamwachia. Akatua, akaimba. Nikasahau kabisa nilichofuata shambani.

Ijumaa, 5 Julai

Baada ya sala nimempelekea Mama Kaltumu kiota, nijipendekeze. Koboko nzima inajua kawa zake za rangi. Akakigeuza, akatafuta jani la kwanza limeanzia wapi. Hakuliona. Akasema anasuka tangu usichana wake na fundo hili halijui. Nikamwambia limefungwa kwa mdomo, bila mikono! Akauliza kama fundi huyo ameshaoa. Hadijah akacheka mno, kuliko ilivyohitajika. Kisha mama akauliza, na sasa fundi atalala wapi? Nikaaga.

Jumamosi, 6 Julai

Nimeukata mgunga. Mguu wa ajabu utashika nini sasa? Ndege wote wamehamia kwenye mti wa Lado. Nimecheka mpaka nikakaa chini. Lado hakukasirika. Amesema tu ndege iko na kazi yake. Masikini, kachanganyikiwa.

Jumatatu, 22 Julai

Viwavi! Ulezi wangu unatafunwa hadi sauti inasikika. Kwa Lado, shwari. Nimesimama mpakani kutazama. Wale wezi wangu wanashuka kwenye majani, wanabeba viwavi, wanawalisha makinda, wanashuka tena. Asubuhi nzima bila kupumzika! Kiumbe kinachoenea kiganjani kinalinda shamba zima. Nilikuwa na jeshi la vibarua, ujira wao punje chache tu, nami nikawafukuza kwa shoka. Nimelia, hasa nilipomkumbuka Hadijah.

Alhamisi, 29 Agosti. Koboko

Arusi ya Hadijah na Lado. Ulezi wa Lado umelisha watu wote, na mimi nimekula sahani tatu kwa uchungu. Chakula kilifunikwa kwa kawa mpya. Mama Kaltumu anamwambia kila mgeni kwamba fundo lake amejifunza kwa ndege. Kiota alileta nani? Hakuna aliyeuliza!

Jioni nimepita Lobule, chini ya mti wa Lado. Wakaimba wote pamoja, mwili ukanisisimka. Wallahi, ndege hawa lazima warudi kwangu. Mama Kaltumu ana binti mwingine, Hajara, na msimu wa pili umeshafika. Mpango ni rahisi sana. Kesho naukata mti wa Lado. Wakikosa pa kutua, watarudi kwangu wenyewe.

Shoka langu limekuwa butu. Bwana arusi alipofika na mkewe, nimemwomba lake. Amesema iko nyuma ya mlango.