Abakosti Iliyofika Mahagi

Marafiki zangu wa chuo, leo elimu yangu imenivua nguo mchana kweupe, na nimechoka hata kukasirika.

Mnajua kwamba tangu nianze kufundisha hapa Bunia nimekuwa nikikusanya maneno ya mafundi pamoja na asili yake. (Niliamini kwamba lugha ya mfanyakazi inastahili heshima. Bado naamini, ila kwa sauti ya chini.) Leo saa tisa nilikuwa nikingojwa mtaani Ngezi kwa baba yake Furaha, mchumba wangu. Huyo ni karani mstaafu, na hampokei kijana asiyevaa abakosti, lile koti lisilo na tai linalotakiwa siku hizi kila penye heshima. Kitambaa nilikuwa nimempelekea Papa Ukumu, fundi cherehani wa Mudzipela, pamoja na suruali yangu pekee nzuri, apimie.

Kila nilipopita kuulizia, alimgeukia mwenzake wa mashine ya pili.

"Ya Prof iko wapi?"

"Ya Prof? Iko Mahagi!"

Nikaandika daftarini: Mahagi, hatua ya mwisho ya ushonaji, barabara yetu huishia huko mpakani, basi nguo iliyofika Mahagi imemaliza safari. Ukurasa mzima! Nikaacha kumsumbua mzee.

Leo saa nane nikaingia kibandani mwake na kaptula ya michezo. (Nilikusudia kuvalia palepale.) Wateja walikuwa watano. Nikaona vema niwaelimishe. Nikaeleza neno Mahagi: mpaka, barabara, safari. Papa Ukumu akaacha kukanyaga mashine.

"Prof, hii maneno yote iko mu kitabu?"

"Bado, Papa. Nitakiandika mimi."

"Bon, andika hivi. Zamani mwenzetu mumoja alikamata kitambaa ya mutu, akakimbia nayo Mahagi. Mpaka leo! Njo maana nguo yenye hatujagusa, tunasema iko Mahagi."

Hapo mama mmoja akapasuka kwa kicheko, akashika ukuta.

"Na yangu?" nikauliza. (Mnaona wepesi wangu wa kuelewa.)

Papa Ukumu akainuka. Kitambaa changu kilikuwa kitini, kimekunjwa mara nne, bado kina joto lake.

"Kiti iko nguvu, inaumiza, Prof. Unisamehe."

Nilikuwa nikitazama miguu yake, ambayo mashine ilikuwa imeificha muda wote. Suruali yangu ilimkaa vizuri kuliko inavyonikaa mimi.

Akaivua nyuma ya pazia. Nikafika Ngezi saa kumi, magoti ya suruali yamevimba, shati la shule juu. Karani hakunikaribisha kiti. Alinitazama toka juu mpaka chini, akasema kama karani kwa raia, "Citoyen, rudia hapa dimanche. Ukiwa umevaa." Nyuma yake nilimwona Furaha akiuma kitambaa chake cha kichwa, sijui kwa huzuni au kwa kicheko.

Msinicheke, ndugu zangu. Mwenye abakosti ya kimo changu aniazime kabla ya Jumapili. Daftari nampa bure.