Redio ndani ya Jokofu la Chanjo

Jumanne, 1 Julai 1975

Betri zimekwisha kwenye duka la ushirika. Redio ya kijiji bubu. Nami nagombea ukatibu wa kijiji dhidi ya Rugaibula, mwalimu wa sayansi, anayeaminiwa na wote kwa sababu ana miwani. Leo nimepata dawa yake! Jarida kuukuu la misheni linasema madini ya risasi yakipozwa hadi digrii nne, umeme hupita humo bila kusukumwa na betri. Weka chembe ya chuma chenye usumaku kati ya vipande viwili vya risasi, umeme unavuka tu. Mara nyingine hugeuka kinyume. Jambo dogo hilo.

Nimewatangazia wanakijiji: Saba Saba, kwenye mkutano wa uchaguzi, redio itasema bila betri. Makofi mengi. Rugaibula amekohoa.

Alhamisi, 3 Julai

Digrii nne zipo Muleba hii hii! Jokofu la mafuta ya taa la zahanati, la kutunzia chanjo, husoma nne barabara. Nimeleta chubwi mbili za risasi, vile vizito vya kuzamishia nyavu, kutoka kwa wavuvi wa Kemondo. Chuma nimekwangua kwenye panga la mama. Muuguzi Felicitas amekataa kunipa jokofu. Nimemkumbusha kwamba katika ujamaa kila kitu ni chetu sote. Amesema ni kweli, hata surua.

Jumapili, 6 Julai

Felicitas yuko misani. Chanjo nje, redio ndani, chubwi zikiwa mahali pa betri. Kumbe alisahau rozari, akarudi na kunikuta.

“Kaka Datius,” amesema polepole, “hizo ni za watoto wa kliniki ya keshokutwa. Zikiharibika, mama zao utawaeleza wewe?”

Nimezirudisha zote. Nimeona aibu kweli. Akanihurumia: redio ikae rafu ya chini, yeye akae mlangoni.

Jumatatu, 7 Julai

Mkutano wote umehamia zahanati. Nimezungusha kitufe. Kimya! Nimeeleza kwamba umeme umegeuka kinyume, hivyo Dar es Salaam ndio wanaotusikia sisi. Mzee Karugendo akaingiza kichwa jokofuni, akawalalamikia bei ya kahawa.

Rugaibula ndiye katibu. Mkono wa kwanza kunyooshwa kumchagua ulikuwa wa mama yangu. Imeniuma.

Jumatano, 9 Julai

Rugaibula kaja na kahawa ya kutafuna, akanieleza kwa upole: digrii nne za jarida huhesabiwa kutoka baridi ya mwisho kabisa, ambako hata hewa huganda. Barafu kule ni moto.

Nimemwelewa vizuri sana. Jokofu moja halitoshi. Kesho naenda Bukoba kupima majokofu ya wauza samaki, nione lipi linaweza kumeza la zahanati, baridi iingie ndani ya baridi. Felicitas nitamwambia tukishalibeba.