Kozi Kumi na Nne za Hiari za Kompyuta, Kituo cha Mnyuzi

Mheshimiwa mgeni rasmi ambaye amepata udhuru, waheshimiwa wawakilishi wake ambao nao wako njiani, masheikh, wachungaji, wazazi mliotoka Kwaluguru na Mpale tangu alfajiri, na ninyi wanafunzi wa mwaka wa tatu wa sayansi ya kompyuta: shikamooni wazee wangu, hamjambo wanangu, na afya zenu zikoje? Wale wa mafua wamepona? (Sauti: "Tunamshukuru Mungu!") Nami namshukuru Mwenyezi Mungu, ingawa goti, niwaambie kama ndugu zangu, linanisumbua tangu juzi.

Kwa muktadha huo, mimi Mustapha Kibwana, Mwenyekiti wa Kamati Wezeshi ya Uratibu wa Kozi za Hiari, kamati iliyokaa vikao ishirini na kimoja bila kukosa chai hata katika kimoja, natamka kwamba mchakato shirikishi wa kila mwanafunzi kuchagua kozi zake mbili kabla ya Ijumaa umefikia asilimia tisini na saba nukta nne, jambo ambalo halijapata kutokea katika ukanda huu wa reli. (Makofi.)

Ili wadau wasinung'unike, kozi tumezigawa kwa kata. Mpale wako mlimani, simu zinashika, wamepewa Mitandao. Kwaluguru wana maghala, wamepewa Hifadhidata. Na watoto wa wafugaji, wanaolihesabu kundi kwa jicho tu, wamepewa Akili Mnemba. (Vicheko.) Naam, binti pale.

(Naitoi, binti wa mzee Keriako, mfugaji wa Handeni: "Shikamoo mzee. Mimi nilijaza Usalama wa Mifumo. Kuna hospitali imeniahidi kazi nikiwa na kozi hiyo, na bila kozi mbili sihitimu mwaka huu.")

Marahaba, mwanangu. Mimi shule yangu iliishia darasa la saba, lakini semina nimehudhuria nyingi, na nakuhakikishia kwamba hiari ni yako kabisa, ndani ya kile ulichopangiwa.

(Mama yake: "Mjibu mtoto, Mwenyekiti! Usimzungushe!")

Namjibu, mama Naitoi, tulia. Usalama wa Mifumo ni namba tisa kwenye orodha. Nimeiandika kwa mkono wangu huu, na nimeiombea.

(Naitoi: "Anaifundisha nani, mzee?")

Sasa hapo umegusa awamu ya utekelezaji. Kozi za hiari oyee! (Oyee, ya watu wachache.) Kidijitali mbele! (Kikohozi kimoja.)

Nawashukuru sana kwa kujitokeza kwa wingi. Nakishukuru na chuo kikuu, ambacho tutakiandikia barua kukijulisha kwamba kozi hizi zipo, na nawashukuru kwa namna ya pekee walimu wote kumi na wanne, ambao bado hatujawapata. Kwa hiyo, mwenye ndugu, jirani au mkwe anayeweza kufundisha namba yoyote, naomba anijibu mapema. Na wewe Naitoi, mwanangu, kama hiyo namba tisa umeshaisoma kidogo, usione haya, nijibu leo.