F ya Funga

Jumatatu, 14 Julai 2025, Soweto, Mbeya

Baridi. Vidole vigumu. Ukurasa wa kumi na nne wa kumbukumbu zangu, na bado sijavuka mto.

Severina, anayekusanya kumbukumbu za wazee kule Iringa, amepiga simu. Kitabu kimejaa. Imebaki nafasi ya mzee mmoja tu, na Ijumaa kinaingia mtamboni. Mimi naandika habari za Mwamalasha, kijiji chetu cha wafugaji, bonde la Usangu: nyumba arobaini na saba, visima viwili. Tulihamishwa, nyasi zikaota, ramani ikasahau. Kijiji kisipoingia humo hakitaingia popote.

Mpinzani: Timotheo, Mhehe, mwalimu mstaafu, jirani. Anaandika habari za baiskeli yake ya kwanza. Baiskeli. Sote wawili tunatumia kompyuta moja, ya stesheneri ya Devota. Leo nilisoma juu ya bega lake. Sentensi ya kwanza: "Asubuhi ile vumbi lilifika kabla ya watu." Nzuri mno kwa baiskeli. Nimeihamishia kwangu.

Sasa hofu. Mtu kama huyu asije akaniibia.

Jumanne, 15 Julai

Dawa imepatikana. Pembeni juu ya kibodi kuna kitufe kimeandikwa F Lock. Lock ni kufuli, hata mtoto anajua. F ni Funga. Nikabonyeza. Kitaa cha kijani kikazimika, kama nyumba iliyolala. Nikaondoka kwa mwendo wa mtu mwenye ufunguo.

Mke wangu Helena karudi kutoka stesheneri na habari. Timotheo alibonyeza F7 asahihishiwe tahajia, kompyuta ikamnyamazia. Devota kazima, kawasha. Kachomoa waya, karudisha. Kageuza kibodi, kakipiga mgongoni. Zikadondoka punje mbili za karanga na pini. F7 kimya vilevile.

Kufuli limeshika.

Jumatano, 16 Julai

Nilifika, nikabonyeza, kitaa kikawaka. Nikaandika kwa raha, ukurasa wa kumi na saba. Devota akauliza: "Babu, mbona ukikaa wewe kinatii?" Nikamwambia vitu hivi vinatambua mkono wa mtu. Timotheo, kwenye benchi, akasema labda kimezoea fimbo ya ng'ombe.

Nimemsamehe. Hapana, sijamsamehe. Nilifunga kabla ya kutoka.

Alhamisi, 17 Julai

Balaa.

Nilimaliza, ukurasa wa ishirini. Simu ikaita, Severina, na ndani mtandao hausikiki. Nikabonyeza kufuli upesi, nikatoka, nikimwambia Devota aihifadhi kazi kwa jina jipya, Mwamalasha. Yeye huhifadhi kwa F12. Akabonyeza. Printa ikaanza kutapika karatasi.

Aliyekaa karibu na printa: Timotheo. Niliporudi alikuwa na ukurasa wa kwanza mkononi, miwani puani.

Devota akakiinamia kibodi, akauliza nani amezima kitaa. Nikatazama dari. Akaeleza kuwa kile si kufuli la maandishi ya mtu. F ni hivi vitufe vya juu, F1 mpaka F12. Kitaa kikizimwa vinaacha kazi yake na kufanya nyingine. F7 haisahihishi tena, F12 inachapa. Akakibonyeza, kikawaka, F7 ikafanya kazi. Maelezo mazuri. Sikuyaamini yote.

Timotheo alisoma kurasa zote ishirini, polepole, kama anasahihisha mtihani. Kisha: "Mzee Bujiku, hili vumbi nalifahamu."

Nikasema vumbi ni la Mungu.

Akafuta miwani. Akauliza visima vilikuwa viwili au vitatu. Viwili, nikajibu, na kimoja alikichimba baba yangu. Akakunja karatasi, akaondoka nazo.

Ijumaa, 18 Julai

Tangu alfajiri natembea sebuleni. Nimepita kwa Timotheo mara tatu, mlango umefungwa. Mchana nikaamua kumwahi. Nikampigia Severina kumwarifu kwamba kuna mtu ameiba sentensi yangu ya kwanza.

Akanikatiza. Mzee Timotheo alikuwa ameketi mbele yake. Kapanda basi la kwanza, kaleta Mwamalasha mkononi, kaisahihisha tahajia kwa wino mwekundu mahali thelathini na moja. Baiskeli ameiondoa. Amesema vumbi lile linawafaa zaidi watu wanaohama.

Kijiji kimeingia.

Nikakaa chini. Helena akauliza kulikoni. Nikasema moshi wa jikoni. Akasema leo hajawasha moto.

Jumatatu, 21 Julai

Timotheo karudi. "Kamwene, mwizi wangu," akanisalimu, akanipa mkono. Severina kamwahidi nafasi katika kitabu cha pili, kwa hiyo kaanza baiskeli upya. Devota kabandika plasta juu ya F Lock. Hainihusu.

Nilikaa benchi la nyuma, karibu na bega lake. Sentensi yake mpya ni nzuri kupita ile. Nimeinakili kiganjani.

Na kule kulia mwa kibodi, ambako plasta haikufika, nimeona kingine: Scroll Lock.

S ni Siri.