Mimi, Kiti cha Gari Katili

Jumatatu, 14 Julai 2025

Mungu wangu! Watu wa televisheni wamefika Mpanda. Nimewaona kwa macho yangu, wanakunywa chai ya tangawizi hapa hapa mtaani kwetu Makanyagio. Wanatengeneza tamthilia. Na adui mkuu wa tamthilia si mtu. Ni gari! Gari lenye akili mnemba. Linajiendesha, linaongea, linafunga milango na kuteka watu. Jina lake Katili.

Mwongozaji ni mama mmoja, Bi Cecilia, ana kofia kubwa na sauti ya kuamrisha. Ametangaza kwamba gari lenyewe analitafuta huku huku Katavi. Majaribio Alhamisi, saa tatu asubuhi, uwanja wa mpira.

Miaka kumi na moja naendesha taksi. Gari langu lilitoka Japani na mpaka leo nikiwasha linaongea Kijapani. Sauti ya dada mpole, ila hakuna anayejua anasema nini. Kuna abiria walishateremka kwa hofu. Kama hilo si gari katili, ni lipi?

Elias naye amesikia. Huyu tunaegesha jirani pale kijiweni. Gari lake jeusi, vioo vyeusi, linang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Amesema mbele ya madereva wote kwamba langu linafaa kuigiza banda la kuku. Wamecheka. Mmoja amekaa chini kabisa ili acheke vizuri.

Tutaona.

Jumanne, 15 Julai

Nimepata wazo nikiwa naoga. Gari la Elias litahitaji dereva. Langu litajiendesha! Yaani nitaliendesha mimi, lakini nitakuwa kiti.

Nimekwenda kwa Maximilian, fundi wa viti. Kaniuliza mara tatu kama naumwa. Kisha akachukua futi, akaanza kunipima. Atanishonea gamba la kiti cha dereva, kitambaa kile kile cha kijivu, sponji ndani, mimi katikati. Matundu mawili madogo ya macho. Mikono inatokea chini, inashika usukani kwa chini.

Mke wangu Raya amenikumbusha kwamba Alhamisi nampeleka mama yake kliniki ya macho. Madaktari wametoka mbali, na Alhamisi ndiyo siku yao ya mwisho. Mama mkwe ana mtoto wa jicho, anaona watu kama moshi. Juzi alimwamkia ng'ombe wa jirani yetu Masalu, halafu akalalamika kwamba vijana wa siku hizi hawaitikii. Raya amesema, "Baba Zuhra, hii si ya kusahau." Nimeapa. Majaribio saa tatu, mama mkwe saa nne. Muda upo tele.

Habari ya kiti sijamwambia.

Jumatano, 16 Julai

Mazoezi. Gari limekatisha Makanyagio bila dereva!

Sijawahi kuona hofu ya namna ile. Mama wa vitumbua kamwaga mafuta yote. Bodaboda watatu wamekimbia kwa miguu na kuacha pikipiki zinanguruma. Masalu, Msukuma yule mwenye ng'ombe, hakukimbia. Kawasogeza ng'ombe wake pembeni, kavua kofia, kaliambia gari, "Pita tu, mkubwa." Humo ndani ya kiti nilijiona mkuu wa mkoa.

Mchana Raya karudi sokoni anahema, kafunga mlango kwa komeo. Kauliza kama nimesikia habari ya gari la mashetani. Kasema rangi yake ni kama ya letu. Nimemwambia rangi hiyo ni ya kawaida sana. Kanitazama kidogo. Mimi nikatazama dari.

Alhamisi, 17 Julai

Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umefungwa bendeji.

Asubuhi ilianza vizuri mno. Uwanja umejaa. Elias akapita na gari lake jeusi, akapigiwa makofi ya adabu, akaegesha karibu na goli. Kisha likaingia langu. Bila mtu! Watu kimya, kama wamemwagiwa maji. Nikazima, nikawasha tena, dada wa Kijapani akasema maneno yake. Mstari wa mbele wote ukarudi nyuma. Bi Cecilia akavua kofia. Akasema, "Huyu ndiye Katili wangu!"

Nililia ndani ya sponji. Machozi ya kweli.

Lakini Bi Cecilia akataka jaribio moja zaidi. Katika hadithi, gari linamteka bibi mzee aliyekaa kwenye usukani. Akaomba apatikane bibi wa kutekwa.

Saa nne ilikuwa imepita zamani. Mimi sikujua. Na mama mkwe, baada ya kunisubiri barazani mpaka akachoka, alikuwa amejikongoja na fimbo yake, akifuata kelele za watu mpaka uwanjani, anauliza mkwe wake yuko wapi. Elias akamshika mkono kwa upole wote. "Mama, gari la mkweo ndilo hili. Ingia ukae." Akafungua mlango wa dereva.

Jamani! Jamani!

Mama mkwe amenikalia. Mimi! Mapajani! Mtu ambaye hata nikimsalimia naangalia chini! Pumzi ilikatika, nusu kwa uzito, nusu kwa aibu. Akajiweka sawa. Akasema viti vya siku hizi vina joto. Akaegemea zaidi. Akasema kiti kinapumua.

Hapo nikapiga chafya.

Ukelele aliopiga nadhani ulisikika mpaka kule mbali Majimoto. Fimbo ikashuka kichwani pangu. Ikashuka tena. Mguu wangu ukateleza kwenye breki ukaangukia mafuta, gari likaruka mbele. Tukaenda, mimi na mama mkwe, mimi sioni kitu, kanga yake imeziba matundu yangu yote mawili. Tukagonga goli, mkono wangu wa kulia ukabanwa kwenye usukani. Goli likainama polepole, kama linafikiri, kisha likalala juu ya gari la Elias.

Mama mkwe hakupata hata mchubuko, namshukuru Mungu. Watu wakamtoa. Nami nikashuka nyuma yake. Mtu akapiga kelele, "Kiti kimevaa viatu!" Uwanja ukawa mtupu. Waliobaki ni mama mkwe, Bi Cecilia, Elias aliyekuwa ameshika paa la gari lake, na Raya. Raya alikuwa amekuja kumtafuta mama yake.

Akafungua uso wa kiti. Akanitazama. Akanigeuzia mgongo, akamwendea mama yake. Bora angenitukana.

Saa sita ilikuwa inakaribia, na madaktari walikuwa wanafunga mizigo. Gari langu rejeta imepasuka, maji yanamwagika. Nani kampakia mama mkwe na kumkimbiza kliniki katika gari lenye paa lililobonyea? Elias! Amewahi. Dakika kumi tu zaidi, wasingempokea.

Nimebaki uwanjani na kiti changu. Hapo ndipo nikaona aibu kweli.

Ijumaa, 18 Julai

Mama mkwe alifanyiwa upasuaji jana hiyo hiyo, macho yamefungwa. Mimi nimeitwa na wazee wa ukoo. Baba mdogo wa Raya ndiye aliyeuliza.

"Ulikuwa kiti?"

"Ndiyo, baba."

"Kwa nini?"

Nimeanza kueleza habari ya tamthilia, nikafika kwenye sponji, wakaniomba niishie hapo. Wazee wametazamana, wakaamua kwamba Jumapili nikamwombe radhi mwenyewe, bendeji ya macho yake ikishatolewa.

Mchana pigo jingine. Bi Cecilia kachagua gari. La Elias! Kasema lile paa lililobonyea limelipa gari lile sura ya ukatili ambayo hajawahi kuiona. Paa nililolibonyeza mimi! Nimekaa chini palepale barabarani.

Jumapili, 20 Julai

Nimekwenda nimevaa kanzu na kilemba, nimebeba mchele wa Usevya. Mama mkwe alikuwa barazani, macho wazi, anaangalia kila kitu, mpaka chungu cha maua anakiangalia. Nikapiga magoti. Nikasema yote, hata ya Jumatano.

Akanitazama muda mrefu. Ilikuwa mara yake ya kwanza kunitazama kweli, maana nilimwoa Raya macho ya mama yake yakiwa yameshaharibika. Akamgeukia Raya.

"Kumbe ndiye huyu? Miaka yote nilidhani ni mrefu."

Akacheka mpaka fimbo ikaanguka. Akasema ameshanisamehe, ila nisimwonyeshe kiti tena nisipokuwa nimesimama kando ya kiti hicho. Raya naye akacheka, kidogo, na leo amenipakulia chakula mwenyewe. Nimemshukuru Mungu. Nimeapa mbele yao wote kwamba nimekoma.

Wakati natoka nimekutana na Bi Cecilia mlangoni. Amekuja kumpa mama mkwe nafasi ya kuigiza, kwa ajili ya ule ukelele. Katika maongezi kadokeza kwamba msimu wa pili adui atakuwa kiboko mwenye akili mnemba, na hajui atampata wapi.

Nimerudi nyumbani nikitembea taratibu, nafikiri. Kiboko halisi hasikii amri. Lazima mtu awe ndani. Nimelichunguza kosa la Alhamisi kwa makini, na sasa nimelielewa: kiti ni kitu ambacho watu hukikalia. Kiboko, nani atamkalia?