Serikali ya Wenye Nyota ya Ndoo

Serikali ilitangaza, kwa furaha kubwa na kwa vipaza sauti sita, kwamba kuanzia Jumatatu ijayo nchi itaongozwa na watu wenye nyota ya Ndoo peke yao. Tume ya Nyota na Utumishi ilikuwa imekaa miezi kumi na minne katika hoteli yenye kiyoyozi, ikichunguza mbingu kupitia dirisha lisilofunguka. Ikabaini kwamba aliyezaliwa kati ya tarehe ishirini Januari na kumi na nane Februari ana maono, anapenda watu na ameumbwa kutawala. Kwamba Mheshimiwa Mkuu wa Nchi naye ni Ndoo, tume ililigundua mwishoni kabisa, na inasemekana wajumbe walishangaa sana.

Waraka ulieleza pia kuwa Ndoo ni mtu huru, hapendi kuamriwa. Kwa hiyo viongozi wote wa nyota hiyo waliamriwa kutopenda kuamriwa, siku zote za kazi, kuanzia saa mbili asubuhi.

Katika ofisi ya vizazi na vifo, chumba namba tatu, nyuma ya kaunta iliyolainishwa na viwiko vya watu, Bi Karani aliusoma waraka huo mara mbili, miwani imeshuka puani. Kifungu cha nne kilimhusu. Watumishi wenye nyota ya Simba, kilisema, "wamebainika kuwa na dalili za kujiona", hivyo wakabidhi viti vyao ifikapo Ijumaa na kupangiwa majukumu mbadala. Jukumu mbadala la Bi Karani lilikuwa kuhesabu miti ya uani kwa wizara. Ua ule ulikuwa na mti mmoja.

Kiti alichotakiwa kukiacha alikikalia miaka ishirini na sita. Kabla yake alikikalia baba yake mzazi. Asubuhi ya tarehe kumi na moja Agosti, yule baba alichelewa kazini kwa mara ya kwanza na ya mwisho maishani mwake, akafungua kitabu cha vizazi kabla hata ya kuvua koti, akamwandika binti yake kwa mkono wake mwenyewe. Mwandiko wa mstari ule ulikuwa mbaya kuliko yote kitabuni, maana mzee alikuwa anaandika huku anacheka.

Jioni mdogo wake, fundi cherehani, alipiga simu.

"Dada, acha ukaidi. Nenda kwa wakili pale getini, ule kiapo, uzaliwe Februari. Mbona watu wote wanazaliwa?"

"Kwani mtu anazaliwa mara ngapi, we mtoto?"

"Mara moja tu, Dada, lakini kwa utaratibu."

"Aliyeniandika ni baba. Nikienda kuapa Februari nitakuwa nimemwita mwongo, tena ndani ya kitabu chake."

Mdogo mtu alimpenda baba yao kupita kiasi.

"Basi kahesabu mti wako," akasema, akakata simu.

Wengine hawakuwa na baba wa namna hiyo. Kufikia Jumatano foleni ya kwa wakili ilikuwa imezunguka jengo mara mbili, na muhuri wake ukawa hautoi tena wino ila jasho. Madereva walizaliwa Februari. Wafagizi, walinzi na mpika chai wa ghorofa ya pili walizaliwa Februari. Walikuja mapacha wenye tarehe moja, wakaondoka wakiwa wamepishana wiki mbili.

Serikali ikaiona hatari. Kila mtu akiwa Ndoo, nani atabaki wa kutawaliwa? Alhamisi asubuhi ukatoka waraka wa pili. Viapo vyote vya kuzaliwa vimefutwa, vya zamani na vipya. Neno la mwisho litakuwa la kitabu cha asili, na atakayegusa hata nukta ya kitabu hicho atafungwa. Kila kiongozi, akianza Mheshimiwa, atatoa nakala ya kitabu mbele ya umma. Mheshimiwa alitia saini mwenyewe, mbele ya kamera, akitabasamu.

Mchana wake akaingia Mkurugenzi wa Nyota, tumbo likitangulia.

"Mama, fanya chapuchapu. Nataka nakala ya Mheshimiwa, inasomwa kesho uwanjani. Na wewe anza kufungasha, shemeji yangu anaingia hapo Jumatatu."

Bi Karani akapanda ngazi, akashusha kitabu, akapuliza vumbi, akafuata mistari kwa kidole. Kidole kikasimama.

Nchi nzima ilijua kwamba Mheshimiwa ana miaka sitini na minane. Alikuwa nayo kwa muda mrefu kidogo. Ilitokana na kiapo cha zamani, kilichosema alizaliwa tarehe thelathini Juni; Februari aliikumbuka tume ilipoanza kazi. Na katiba ilikuwa wazi kwamba Mkuu wa Nchi anastaafu akitimiza miaka sabini na mitano.

"Enhe, ni Ndoo?" Mkurugenzi aliuliza.

"Ndoo kabisa, bosi. Tarehe tatu Februari."

"Nilisema mimi!" Akapiga kaunta kwa kiganja. "Gonga muhuri."

"Ila ungeutazama na mwaka, bosi."

"Mwaka una nyota?"

"Hauna."

"Sasa unanipotezea muda wa nini? Gonga!"

Akagonga. Aliogopa, tusidanganyane, muhuri ukakaa upande. Akampa Mkurugenzi daftari la kupokelea, naye akasaini kwamba ameisoma nakala yote na kuridhika nayo.

Ijumaa uwanja ulijaa. Mshereheshaji, mtu mwenye sauti ya kuuzia hata mawe, akaifungua nakala na kusoma: siku, ikapigiwa makofi, mwezi, ukapigiwa vigelegele, halafu mwaka. Makofi yakaendelea kwa muda ule tu ambao mtu huhitaji kutoa namba moja kwenye nyingine. Walimu wa hesabu, walioletwa kwa malori kuja kushangilia, ndio waliotangulia kunyamaza.

Akasimama Jaji Mkuu.

"Sabini na tisa," akasema. "Kwa mujibu wa katiba, Mheshimiwa alistaafu miaka minne iliyopita."

"Kaa chini!" Mheshimiwa akafoka.

Lakini Jaji alizaliwa tarehe tisa Februari, na hilo aliliona kama amri. Mheshimiwa akamgeukia mkuu wa jeshi, akamwamuru amkamate. Mkuu wa jeshi alizaliwa Januari ishirini na tano. Akajibu kwa heshima zote, kwa kuzingatia waraka, kwamba hapendi.

Jumatatu Bi Karani alikuwa kitini pake. Tume ilikuwa imevunjwa, shemeji hakutokea, na mdogo wake alikuwa ameshapiga simu mara tatu kucheka na mara moja kulia. Saa nne hivi, mzee mmoja wa miwani myeusi alijaribu kupita pembeni ya foleni. Watu wakamrudisha. Ilipofika zamu yake akasogeza karatasi kaunta, taratibu, kwa vidole viwili.

"Binti yangu, nirudishie thelathini Juni. Kile kiapo changu cha zamani."

"Viapo vilifutwa, baba. Vyote."

"Nani huyo aliyevifuta?"

Bi Karani akaugeuza waraka wa pili umwelekee. Mzee akaitazama ile saini kwa muda mrefu, kama anayetafuta wa kumfukuza kazi. Nyuma yake watu walianza kuguna.

"Sasa hapo kitabuni," akauliza kwa sauti ya chini, "mimi ni nani?"

Bi Karani akavaa miwani vizuri, akaangalia mstari, akaangalia kalenda ya ukutani.

"Mstaafu, baba. Na umechelewa kuripoti kwa miaka minne."